Shoka la babu, fimbo ya gofu na swali la "umejuaje?"

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi ya gazeti ni kama mke wa pili, ukimpa mkono anataka bega. Sasa nimepata likizo fupi, niko nyumbani Katumba, mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe, na leo asubuhi nimeamua kuandika jambo ambalo limenikaa kooni tangu mwaka jana.

Kwa wasiopajua, Katumba ipo Mpanda, kwenye Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 Rukwa ilipogawanywa. Makazi haya yalianzishwa miaka ya mwanzoni ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walipewa msitu na majembe, wakaufanya msitu ule kuwa mashamba ya mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Baadaye wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Babu yangu ni mmoja wa waliofyeka msitu huo kwa mikono yao.

Kiwanja cha gofu hapa hakuna. Ukimwambia mzee wa Katumba kwamba kuna watu wanatenga eneo kubwa namna ile, wanalikata majani vizuri, halafu hawalimi hata mche mmoja wa mahindi, atakuuliza kama watu hao wana akili timamu. Lakini leo nataka kuzungumzia gofu, na hasa jinsi watu wanavyofundishwa kuipiga. Nivumilieni, mtaona kwa nini.

Jana jioni nilikuwa nimekaa nje nikimtazama mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, akipasua kuni. Anapasua vizuri sana. Shoka linapanda taratibu, linakaa kidogo juu kama linafikiri, kisha linashuka na gogo linafunguka. Hakuna nguvu unayoiona. Babu ndiye aliyetufundisha wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na somo lenyewe lilikuwa fupi: usilisukume shoka, liache lianguke, na usitazame mikono yako, tazama pale unapotaka gogo lipasuke. Basi. Hakuna alichoongeza.

Mdogo wangu huyo alikuwa Dar es Salaam kwa miaka mitatu. Alikwenda baada ya kidato cha nne, akapata kibarua cha kubeba mikoba ya wachezaji kwenye klabu moja ya gofu ambayo sitaitaja. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka chuo, nimeajiriwa dawati la michezo, na kwa kuwa wakubwa wote walikuwa wanagombea Simba na Yanga, mimi mgeni nikatupiwa gofu. Nikawa naenda Lugalo, naenda Gymkhana, naandika nani kapiga mikwaju mingapi bila kuelewa vizuri ninachoandika. Aliyenielewesha ni yeye, mbeba mikoba.

Siku ambazo wabeba mikoba waliruhusiwa kucheza, alikuwa anaazima fimbo na kupiga. Swingi yake, yaani ule mzungusho mzima wa fimbo kutoka nyuma hadi mbele, ilikuwa ileile ya shoka. Mpira ulikuwa unakwenda. Mara nyingine ulipinda kulia, ndiyo, lakini ulikwenda mbali na ulikwenda bila jasho. Mwanachama mmoja mwenye moyo mzuri akamwona, akasema kijana huyu ana kitu, akajitolea kumlipia mwalimu kwa miezi mitatu ili ajiandae kujaribu kuingia kwenye gofu ya kulipwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wiki ya kwanza mwalimu alimwambia anainua kichwa. Wiki ya pili kiwiko cha kulia kinaruka. Wiki ya tatu goti. Kisha kiuno. Kisha kichwa tena. Kila mpira ulipokwenda vibaya kulikuwa na kiungo kipya cha kulaumiwa. Kufikia mwezi wa pili kijana alikuwa anasimama mbele ya mpira kama mtu anayesoma fomu ya mkopo benki: kichwa hivi, kiwiko vile, goti pale, uzito huku. Kufikia mwezi wa tatu hakuweza kupiga kabisa. Mfadhili akakata tamaa kwa heshima, siku ya majaribio ikapita, na mdogo wangu akapanda basi akarudi Katumba. Ana fimbo moja tu aliyopewa kama kumbukumbu, namba saba.

Kabla hajaondoka nilimfuata yule mwalimu. Sikwenda kugombana. Nilimwuliza swali moja tu ambalo tulifundishwa chuoni kumwuliza kila mtu, kuanzia waziri hadi mganga: "Kocha, umejuaje kwamba tatizo ni kichwa?"

Akanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu," akasema, "mimi nafundisha mchezo huu tangu wewe hujazaliwa."

Hilo ni jibu la swali jingine. Ni jibu la "umefundisha kwa muda gani?" Mimi niliuliza "umejuaje?"

Tangu siku ile nimekuwa nasoma. Mtu wa magazeti akiudhika husoma, maana hana silaha nyingine. Na nilichokikuta kimenishangaza, kwa sababu maswali mengi ambayo walimu wanayajibu kwa miaka waliyofundisha yalishapimwa, mengine zaidi ya nusu karne iliyopita.

Mwaka 1968 kilitoka kitabu huko Uingereza kiitwacho The Search for the Perfect Swing, cha Alastair Cochran na John Stobbs. Kilitokana na kazi ya kundi la wanasayansi waliodhaminiwa na chama cha wapenda gofu cha Uingereza ili wauchunguze mchezo huu kama wanavyochunguza injini au daraja. Wakapiga picha za kasi, wakapima, wakapiga hesabu. Walichoeleza ni kwamba swingi nzima unaweza kuielewa kama bembea mbili zilizounganishwa. Ya juu ni mikono inayozunguka kutoka mabegani. Ya chini ni fimbo yenyewe inayobembea kutoka kwenye viganja. Ile ya juu ikianza kushuka, ya chini inabaki nyuma kwanza, halafu inachomoka yenyewe mwishoni na kufikia mpira kwa kasi kubwa. Ukijaribu kuisukuma mapema kwa viganja, kasi inaishia hewani kabla ya kufika kwenye mpira.

Liache lianguke. Babu hajawahi kumsikia Cochran wala Stobbs.

Watu hao hao walieleza kwamba fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Fikiria. Wakati mshtuko wa kugonga unafika mikononi mwako, mpira umeshaondoka. Na mshuko wenyewe wa fimbo, kutoka juu hadi kwenye mpira, kwa mchezaji mzuri huchukua kama robo ya sekunde. Binadamu anahitaji karibu muda huo huo kuona kitu na kuanza kukiitikia. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi "fimbo ikifika hapa, fanya hivi, ikifika pale, fanya vile" anamtaka afanye jambo ambalo ubongo hauna nafasi ya kulifanya. Ni sawa na kumwelekeza mtu namna ya kuanguka wakati ameshaanguka.

Na hicho kichwa je? Kwa miaka mingi "umeinua kichwa" ndiyo imekuwa panadol ya walimu wa gofu, inatibu kila kitu. Lakini David Duval na Annika Sörenstam, wote wawili waliowahi kuwa namba moja duniani, walijulikana kwa kugeuza kichwa kuelekea mbele hata kabla fimbo haijaufikia mpira. Sörenstam ana mataji makubwa 10. Sisemi kila mtu afanye kama wao. Ninasema kwamba kama kugeuza kichwa kungekuwa ndiyo dhambi kuu, hao wawili wasingefika popote.

Kuna mfano mmoja unaoniuma zaidi. Kwa miongo mingi vitabu na walimu wengi walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea kule ambako uso wa fimbo ulikuwa unatazama. Likawa kama somo la katekisimu. Miaka ya 2000 zikaja rada, hasa za kampuni ya TrackMan ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 2003, zinazoweza kuufuata mpira tangu unapoondoka hadi unapotua. Zikaonyesha wazi kwamba mafundisho yale yalikuwa kichwa chini miguu juu. Mpira huanza, kwa sehemu kubwa, kuelekea kule uso wa fimbo unakotazama. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo.

Matokeo yake kwa mchezaji si madogo. Aliyefundishwa vile vya zamani akitaka kuuzungusha mpira pembeni ya mti, anaelekeza uso wa fimbo kwenye bendera, na mpira unaanza moja kwa moja kuelekea kwenye mti. Anaupiga mti. Halafu mwalimu anamwambia ameinua kichwa!

Kinachoniuma ni hiki: jambo hilo lilishaelezwa sawasawa na wale wanasayansi wa mwaka 1968. Lilikuwa limeandikwa na limechapwa. Likachukua zaidi ya miaka 30 kufika kwa walimu wengi, kwa sababu wengi hawakuona haja ya kusoma kitu kilichoandikwa na watu ambao si mabingwa wa gofu. Ni wanafunzi wangapi walioacha mchezo huo wakiamini wao ndio wabovu?

Sasa nihamie kwenye jambo ambalo halihitaji hata rada. Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha matokeo kuhusu watu wanaojifunza mwendo mpya kwenye mashine ya mafunzo ya kuteleza kwenye theluji. Waliogundua ni kwamba anayeelekeza mawazo kwenye athari ya mwendo wake, kwenye kile chombo, hujifunza vizuri kuliko anayeelekeza mawazo kwenye viungo vyake mwenyewe. Mwaka 1999 wakajaribu kwa gofu, kwa watu ambao hawakuwa na uzoefu. Kundi moja liliambiwa lifikirie mikono inavyobembea. Jingine liliambiwa lifikirie fimbo inavyobembea. Kundi la fimbo lilipiga kwa usahihi zaidi, na hata kesho yake, walipopimwa tena bila maelekezo, bado lilikuwa mbele. Tangu hapo jambo hilo limejaribiwa mara nyingi kwenye michezo mingi, na kwa ujumla matokeo yameelekea huko huko.

Usitazame mikono yako, tazama pale unapotaka gogo lipasuke.

Kumbe yule mwalimu alimchukua kijana ambaye tayari alikuwa anafikiria mpira na fimbo, akamfundisha kwa pesa ya mtu kufikiria kiwiko, goti na kiuno.

Hapa najua kuna msomaji anaanza kusema, aha, kijana wa gazeti amesoma vitabu vitatu sasa anataka kuwafundisha makocha kazi. Subiri ndugu yangu. Nami nina maneno kwa upande wa pili, na ya kwanza yananihusu mimi mwenyewe.

Katika ile miezi mitatu, mimi nilikuwa namtumia mdogo wangu video. Kila nilipokuta kwenye intaneti mtu mwenye mistari ya rangi na maneno makubwa ya kisayansi, namtumia. Nilidhani namsaidia. Nilikuwa namwongezea mzigo uleule wa mwalimu, ila mimi wangu ulikuwa na michoro. Leo mtu yeyote mwenye simu na programu ya kupima pembe anaweza kusema "sayansi inaonyesha" na akauza somo. Sayansi iliyogeuzwa kuwa bidhaa inaweza kuumiza kuliko mazoea ya mzee.

Mfano upo. Mwaka 1992 mwalimu wa Marekani Jim McLean aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa kuhusu tofauti ya mzunguko kati ya mabega na kiuno, akieleza kwamba wapigaji wa mbali walikuwa na tofauti kubwa zaidi. Kulikuwa na vipimo, kulikuwa na namba. Wachezaji wa kawaida, wengine wenye vitambi na kazi za kukaa ofisini siku nzima, wakaanza kukaza viuno na kusokota migongo ili wapate namba ile. Sasa mgongo wa chini ni mojawapo ya sehemu zinazowasumbua wachezaji wa gofu zaidi hata bila kuusokota kwa makusudi. Kitu kilichoonekana kwa wapigaji bora si lazima kiwe dawa kwa kila mwili. Kuona kwamba matajiri wana magari hakumaanishi ukinunua gari utatajirika.

Tafiti zenyewe nazo zina mipaka yake. Nyingi zimefanywa na watu wachache, mara nyingi vijana wa vyuo vya Ulaya na Marekani, ndani ya vyumba vyenye nyavu, kwa siku mbili tatu. Hazimwoni mbeba mikoba wa Dar es Salaam anayepiga kwa fimbo za kuazima ambazo ni fupi kwake, akiwa hajala tangu asubuhi. Mwalimu anamwona. Mwalimu mzuri anajua leo kijana huyu amechoka, leo nisimwongezee neno. Hakuna rada inayojua hilo.

Tena hakuna utafiti uliopata swingi moja iliyo sahihi kwa watu wote. Jim Furyk ana swingi ambayo ukiionyesha kwa mwalimu bila kumtaja mwenyewe atakwambia mtu huyo aende akacheze bao. Alishinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 alipiga mikwaju 58 katika mzunguko mmoja wa mashindano ya PGA Tour, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake kwenye mashindano hayo. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open pale Muthaiga mwaka 1978, alijifunza utotoni akiwa na fimbo moja kwenye mchanga wa ufukwe wa kijiji chake cha Pedreña, na alikuwa mbeba mikoba kama mdogo wangu. Mpira haujali fimbo ilipita wapi huko nyuma. Unajali tu kile kinachotokea katika ile nusu ya elfu moja ya sekunde.

Basi kama sayansi haina swingi moja ya kutupa, na mwalimu anaweza kukosea kwa miaka 30, kazi ya utafiti ni ipi?

Kwa mtazamo wangu ni kazi ileile ya mhariri kwa mwandishi. Mhariri hakuandikii habari. Hakuwepo kwenye tukio. Lakini anakuuliza: umejuaje hili? Nani amekwambia? Umehakikisha? Mwandishi asiyeulizwa ataandika uvumi kwa kujiamini kabisa, hata kama amefanya kazi miaka 20. Mwalimu asiyeulizwa ni hivyo hivyo.

Na mfano mzuri wa kazi hiyo tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Walipima nguvu inayotumiwa na wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wanaobeba mizigo, wengine kichwani na wengine kwa mkanda wa paji la uso. Wakakuta kwamba mpaka mzigo wa karibu asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu ya ziada inayopimika kuliko wakitembea bila mzigo. Mwaka 1995 kukaja utafiti mwingine ulioeleza sababu: mwili unapotembea hubembea kama pendulamu, na wanawake hao wakiwa na mzigo walikuwa wanahifadhi nguvu ya bembea hiyo vizuri kuliko watu wengine.

Mama zetu hawakufundishwa na Nature. Wanaopita hapa barabarani asubuhi hii na ndoo na mafungu ya kuni hawasubiri mtu awaruhusu. Lakini utafiti ulifanya kitu muhimu: uliheshimu walichojua kiasi cha kukipima, ukatenganisha kilicho kweli na kilicho dhana, ukakifanya kiweze kuelezwa kwa mtu mwingine. Hicho ndicho ambacho yule mwalimu angepaswa kumfanyia mdogo wangu. Aanze na kile anachokiweza tayari, akipime, ndipo amwongezee.

Tujiulize pia ni nani anayepimwa. Wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia wamepimwa mapafu, miguu na damu na watafiti kutoka Ulaya tangu miaka ya 1990. Wacheza gofu wetu nani amewapima? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Malya kuna chuo cha serikali cha maendeleo ya michezo. Tuna wabeba mikoba wanaojifunza kwa kutazama tu, na wengine wanapiga kuliko wanachama wanaowabebea. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili akikaa nao mwaka mmoja na simu yenye kamera na daftari, atatueleza mengi kuhusu namna watu wanavyojifunza bila mwalimu. Haihitaji mashine ya mamilioni.

Na hili si la gofu tu, ndiyo maana nimeliandika. Nenda kiwanja chochote cha shule uone mwalimu anavyowapigisha watoto penalti 50 mfululizo kutoka pointi moja. Mwaka 1979 Shea na Morgan walionyesha kwamba anayerudia kitu kimoja mfululizo huonekana bora wakati wa mazoezi, lakini anayechanganya kazi mbalimbali ndiye anayekumbuka vizuri baadaye. Wao walitumia mwendo rahisi wa mkono maabara, na si kila mchezo umetoa jibu lilelile. Lakini swali walilotuachia ni la kila kocha: unapima mazoezi, au unapima siku ya mechi?

Kwa hiyo napendekeza maswali matatu ambayo mwanafunzi yeyote, au mfadhili wake, ana haki ya kumwuliza mwalimu yeyote kwa adabu. La kwanza: umejuaje kwamba hilo ndilo tatizo? La pili: tukilirekebisha, nitaona nini kitabadilika kwenye mpira? La tatu: tutapima lini, bila wewe kuniambia kitu? Mwalimu mzuri atayafurahia. Nimekutana na wawili hadi sasa ambao waliyafurahia, na mmoja wao alikiri kwamba alishawahi kufundisha ile habari ya njia ya fimbo kwa miaka mingi na alijisikia vibaya alipojua. Huyo ndiye ningempelekea mtoto wangu.

Leo asubuhi kabla ya kuandika haya, tulifanya kitu na mdogo wangu. Tulichukua ile fimbo namba saba, tukapaka uso wake chaki tuliyopewa na mwalimu wa shule ya msingi, tukachora mstari kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Mipira mitatu ya zamani. Sikusema neno kuhusu kichwa wala kiwiko. Nilimwambia tu kitu kimoja nilichosoma, kwamba kwa fimbo kama hiyo ardhi inapaswa kuguswa kuanzia kwenye mstari kwenda mbele, si nyuma yake. Piga uone alama.

Kwa kweli tulianza jana jioni, baada ya kuni. Jana alama zilizokuwa mahali pake zilikuwa chini ya nusu. Leo asubuhi, bila mimi kusema kitu, zikapita nusu. Chaki nayo ilituonyesha kwamba anagonga karibu na ncha ya fimbo, jambo ambalo katika miezi mitatu ya masomo ya kulipia hakuna aliyelitazama.

Huo si utafiti. Ni mtu mmoja, siku mbili, na aliyekuwa anahesabu ndiye aliyekuwa anatamani ifanikiwe. Mhariri wangu angeutupa kapuni. Lakini kwa mara ya kwanza tangu arudi, mdogo wangu aliuliza nauli ya Dar siku hizi ni kiasi gani. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda akitutazama tunavyochimba mchanga. Akauliza tunapanda nini. Tukamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema shoka lipo pale na kuni bado hazijaisha.

Naomba kuwasilisha. Kama wewe ni mwalimu wa mchezo wowote na nimekuudhi, nijibu. Ila ukinijibu, anza na hilo swali: umejuaje?